Bakapu Ipo Lakini Inakataa Kurudi: Tufanyeje?

Leo tunaongea juu ya kitu ambacho wengi wetu hukikumbuka siku simu imeshaingia kwenye ndoo ya maji: bakapu, yaani nakala ya akiba ya rekodi zako. Na hatutaishia kwenye kuitengeneza. Tutaangalia zaidi ile siku unaihitaji, unaiita, na inagoma kurudi.

Wacha tuanze na kisa. Desemba tulikuwa Bungoma tukifundisha vyama vya akina mama. Mama mmoja, mweka hazina wa chama cha watu 22, alikuja kwetu na simu mpya mkononi na uso wa mtu ambaye hajalala. Simu yake ya zamani ilikuwa imeingia maji na kuzima kabisa. Siku nne zilikuwa zimebaki chama kigawane. Nani amechanga ngapi, nani amekopa, nani amelipa, yote hayo yalikuwa kwenye ile simu.

Bakapu alikuwa nayo. Kijana wake alimwekea mapema mwaka huo. Lakini kila akijaribu kuirudisha, simu mpya inamjibu kwamba hakuna nakala iliyopatikana. Na kule kwenye grupu maneno yalikuwa yameanza: "Ni simu imezama, ama ni pesa zimezama?"

Mtu akifikia hapo, shida si simu tena. Ni jina lake.

Kwanza: pesa iko wapi, na rekodi iko wapi?

Watu wengi huchanganya hivi vitu viwili, kwa hivyo tuvitenganishe.

Pesa yako haikai ndani ya simu. Salio lako liko kwenye mitambo ya kampuni inayokuhudumia, iwe ni M-Pesa, Airtel Money, T-Kash au nyingine. Simu na laini ni kama mlango tu. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, mitambo yake ilikuwa nje ya nchi, na ikahamishiwa Kenya Aprili 2015. Miaka hiyo yote, mtu wa Kitale alikuwa akituma pesa kwa jirani yake wa Kiminini bila kujua kwamba hesabu inafanyiwa ng'ambo. Simu yako ikizama leo, salio halizami nayo. Unabadilisha laini ukiwa na kitambulisho chako, na pesa unaikuta palepale.

Kinachozama ni rekodi ulizojiwekea mwenyewe: meseji za malipo, orodha ya madeni, jedwali la mikopo ya chama, picha za risiti, maongezi ya WhatsApp ambamo mteja alikubali kwamba anadaiwa. Hizo hakuna kampuni inayokuwekea. Hizo ndizo zinazohitaji bakapu.

Kabla ya kutengeneza, usiharibu

Bakapu ikikataa kurudi, jambo la kwanza ni kutulia. Rekodi nyingi hazipotei siku simu inapoharibika. Zinapotea kesho yake, wakati mtu ana wasiwasi na anabonyeza kila kitu. Kwa hivyo:

1. Funga laini ya simu iliyopotea au kuibwa kabla ya kitu kingine chochote. Piga huduma kwa wateja ukitumia simu ya mtu mwingine.

2. Usiruhusu simu mpya ianze kuweka bakapu yake. Simu mpya ni tupu. Ikiweka bakapu tupu juu ya ile ya zamani, unaweza kubaki na tupu. Zima kwanza bakapu ya kila siku mpaka rekodi zako zirudi.

3. Usitupe simu ya zamani wala kumwachia fundi aifute "ianze upya". Hata kama kioo kimekufa, memori yake inaweza kuwa nzima.

4. Ukiwa na faili ya bakapu kwenye flashi au memori kadi, inakili kwanza mahali pengine, halafu fanya majaribio kwa ile nakala. Ile ya kwanza usiiguse.

5. Usimpe mtu yeyote PIN yako ya pesa. Kurudisha bakapu hakuhitaji PIN ya pesa, hata siku moja. Fundi akikuitisha, chukua simu yako uondoke.

Makosa yanayokuja mara kwa mara, na dawa yake

*"Hakuna nakala iliyopatikana"*

Hili ndilo lililompata mama wetu wa Bungoma. Mara nyingi maana yake si kwamba bakapu haipo. Maana yake ni kwamba unaitafuta kwenye akaunti nyingine.

Bakapu ya WhatsApp kwenye simu ya Android hushikwa na vitu viwili: namba ya simu na akaunti ya Google. Vyote viwili lazima viwe vilevile vya zamani. Sasa kumbuka kinachotokea ukinunua simu dukani. Muuzaji anakuuliza, "Una Gmail?" Unasema hukumbuki. Anakufungulia mpya palepale, dakika mbili, imeisha. Simu mpya inaanza kutafuta bakapu kwenye akaunti iliyozaliwa leo asubuhi. Itapata nini?

Dawa: tafuta akaunti ya zamani. Angalia simu ya mtoto aliyekusaidia, karatasi ya simu ya kwanza, au barua pepe uliyowahi kumtumia mtu. Iongeze kwenye simu mpya. Hakikisha laini yako ya zamani imesharudishwa na inapokea meseji, kwa sababu utatumiwa namba ya kuthibitisha. Halafu toa WhatsApp na uiweke upya, kwa kuwa ombi la kurudisha nakala hutokea mwanzoni tu, wakati unathibitisha namba. Ukibonyeza "ruka" hapo, utalazimika kuanza tena. Na kama tayari una maongezi mapya ambayo hutaki kuyapoteza, yahifadhi pembeni kabla ya kuitoa.

Jambo lingine: ukitoka iPhone kwenda Android, bakapu iliyowekwa iCloud haitaonekana kwenye Google. Ni ghala mbili tofauti. Kuna njia ya kuhamisha simu kwa simu, lakini simu zote mbili lazima ziwe zinawaka.

*"Hakuna nafasi ya kutosha"*

Ujumbe huu una sura mbili. Ya kwanza ni nafasi ndani ya simu. Bakapu inahitaji mahali pa kushukia na kufunguliwa, kwa hivyo acha nafasi kubwa kuliko ukubwa wa bakapu yenyewe. Futa video za grupu kwanza.

Ya pili ndiyo hatari, kwa sababu hutokea kimya kimya. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na hizo zinagawanywa kati ya barua pepe, picha na faili zako. Tangu 2024, bakapu ya WhatsApp kwenye Android pia inahesabiwa humo. Picha za harusi na mazishi zikijaza nafasi, bakapu inasimama. Simu haipigi kelele. Inaendelea kufanya kazi kama kawaida, na wewe unaendelea kuamini una bakapu.

Dawa: fungua mipangilio ya bakapu na usome tarehe ya bakapu ya mwisho. Usiangalie kama kitufe kimewashwa. Angalia *tarehe*. Kama inasema wiki tatu zilizopita, basi wiki tatu zako hazina mlinzi.

*"Nenosiri si sahihi"*

Tangu 2021, WhatsApp imeruhusu mtu kufunga bakapu yake kwa nenosiri au ufunguo wa tarakimu 64. Ni ulinzi mzuri. Lakini ukiwa na simu mpya na nenosiri limepotea, hakuna anayeweza kukufungulia, si kampuni, si fundi wa mtaa. Yeyote atakayekuambia "lete elfu mbili nikufungulie" anakula elfu mbili zako.

Dawa iko kabla ya ugonjwa: andika nenosiri kwenye karatasi, iweke mahali unapoweka hati ya shamba au cheti cha kuzaliwa. Nenosiri la bakapu lisiwe sawa na PIN ya pesa, na PIN ya pesa isiandikwe popote.

*Meseji za simu hazikurudi*

Kwenye Android, meseji za kawaida zinaweza kuhifadhiwa kwenye bakapu ya Google, na wakati mzuri wa kuzirudisha ni ule unapowasha simu mpya kwa mara ya kwanza. Watu wengi huharakisha hatua hizo ili wafike kwenye WhatsApp. Pole pole, soma kila ukurasa.

Kuna mambo mawili ya kujua. Kwanza, bakapu ya simu yenye toleo la juu la Android hairudi kwenye simu yenye toleo la chini. Ukipoteza simu nzuri ukanunua ya bei nafuu iliyo na toleo la zamani, itakataa. Jaribu kusasisha simu hiyo kwanza. Pili, simu isipotumika kwa siku 57, Google inaweza kufuta bakapu yake. Kwa hivyo usiseme "nitarudisha nikipata pesa ya simu nyingine mwaka ujao".

*Inaanza, halafu inakwama katikati*

Hapa angalia vitu vidogo kabla ya kulaumu vikubwa. Je, bando limeisha? Je, chaji iko chini? Je, tarehe na saa ya simu ni sahihi? Simu ambayo betri iliisha kabisa inaweza kuamka ikidhani ni mwaka mwingine, na simu yenye tarehe ya uongo hukataliwa na mitambo mingi. Tumia waifai iliyotulia, chomeka chaja, na uiache ifanye kazi usiku.

Kisa cha pili: kompyuta ya duka Kitale

Si kila rekodi iko kwenye simu. Kitale kuna duka moja la pembejeo ambalo lilikuwa na kompyuta yenye programu ya stoki na madeni. Unajua mambo ya Trans Nzoia: Machi na Aprili mkulima anachukua mbolea na mbegu, analipa mahindi yakitoka, Oktoba na kuendelea. Miezi hiyo yote, deni linakaa kwenye hifadhidata ya ile kompyuta.

Agosti, stima ilipotea ikarudi na nguvu, kompyuta ikaungua. Mwenye duka hakuwa na presha. Kila jioni programu ilikuwa inaweka bakapu kwenye flashi, na kila asubuhi aliiona faili mpya yenye tarehe ya jana.

Alipochomeka flashi kwenye kompyuta nyingine, faili zote zilikuwepo. Ukubwa wa kila moja: KB 0. Flashi ilikuwa imejaa tangu Mei. Programu ilikuwa inaandika jina na tarehe, lakini ndani hakuna kitu. Ni kama gunia limeshonwa vizuri, limewekwa lebo, likapangwa ghalani, na ndani hamna hata punje.

Ikiwa una kompyuta ya biashara, haya ndiyo makosa ya kuangalia:

- Faili ni ndogo kuliko ya wiki jana. Hifadhidata ya duka linalouza hukua kidogo kidogo. Ikipungua ghafla, uliza kwa nini.

- Faili haifunguki, inasema imeharibika. Mara nyingi ilinakiliwa wakati programu bado imefunguliwa na watu wanauza. Tumia kitufe cha bakapu kilicho ndani ya programu yenyewe, ama funga programu kwanza ndipo unakili. Na usichomoe flashi kabla kazi haijaisha.

- Programu inasema toleo halilingani. Fundi ameweka toleo tofauti na lile lililotengeneza bakapu. Muulize aliyekuuzia programu akupe toleo lilelile la zamani, rudisha humo, halafu ndipo usasishe.

- Inasema huna ruhusa. Ingia kwa akaunti ya msimamizi wa kompyuta, au nakili faili kutoka kwenye flashi hadi kwenye kompyuta kabla ya kuirudisha.

- Imerudi lakini hesabu haziendani. Chukua wateja watano unaowajua vizuri. Linganisha deni lao na risiti za karatasi. Watano wakilingana, una sababu ya kuamini. Mmoja akikosa, simama kabla ya kuanza kuuza.

Mwenye duka alifanya nini? Alirudi kwenye vitabu vya risiti, zile za kaboni, na kuandika upya madeni mmoja baada ya mwingine. Waliolipa kwa simu walikuwa rahisi, kwa sababu taarifa ya akaunti ilionyesha kila shilingi. Madeni yaliyoandikwa kwenye kompyuta peke yake, bila risiti, yalibaki mikononi mwa uaminifu wa mkulima. Wengi walikuja wenyewe. Si wote.

Hata wakubwa yamewapata

Usijione mjinga. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, ambayo huhifadhi kazi za watengenezaji programu wa dunia nzima, ilipata ajali kama hiyo. Mhandisi aliyekuwa akirekebisha tatizo usiku alifuta data kwenye mtambo ambao sio aliokusudia. Kati ya GB 300 hivi, zilibaki kama GB 4.5.

Kampuni ilikuwa na njia tano za kulinda na kunakili data. Hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi ilivyotarajiwa. Bakapu ya kila siku ilikuwa inafeli kwa sababu ya matoleo ya programu kutolingana, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani, kwa hivyo hakuna aliyejua. Walichookoka nacho ni nakala ambayo mfanyakazi aliitengeneza kwa mkono, kwa shughuli nyingine kabisa, kama masaa sita kabla ya ajali. Kazi ya masaa hayo sita ilipotea.

Sasa linganisha: kampuni yenye wahandisi, mama wa chama Bungoma, na duka la pembejeo Kitale. Wote walikuwa na bakapu. Hakuna aliyekuwa na mazoea ya kujaribu kuirudisha. Hilo ndilo somo letu la leo: bakapu ambayo hujawahi kuirudisha bado ni matumaini tu.

Jaribio la mara moja kwa mwezi

Chagua siku moja ya mwezi, labda ile ambayo chama hukutana au unapofunga hesabu, na ufanye hivi:

1. Soma tarehe ya bakapu ya mwisho. Iwe ya jana au juzi.

2. Soma ukubwa wake. Usiwe sufuri, usiwe umepungua.

3. Fungua nakala kwenye kifaa *kingine*. Kama ni jedwali la chama, lifungue kwenye simu ya katibu. Kama ni hifadhidata ya duka, irudishe kwenye kompyuta nyingine, au mwombe fundi unayemwamini afanye ukiwa umekaa naye.

4. Chagua majina matatu na ulinganishe na daftari.

5. Andika kwenye daftari: "Nimejaribu leo, imefunguka."

Na uwe na nakala tatu: moja unayotumia, ya pili kwenye kifaa kingine, ya tatu mbali na nyumba au duka lako. Mtandaoni panatosha, na hata karatasi iliyoprintiwa saiba na kuwekwa kwa mwenyekiti inatosha. Flashi inayolala juu ya kompyuta itaungua pamoja na kompyuta.

Angalizo moja: rekodi za chama zina majina na namba za vitambulisho vya watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata bila sheria, ni adabu tu. Usitupe orodha hiyo kwenye grupu ambalo kila mtu anaingia na kutoka.

Ikishindikana kabisa

Unaweza kujenga upya. Omba taarifa ya akaunti yako ya pesa kwa miezi unayohitaji, kupitia menyu, programu au huduma kwa wateja. Itakuonyesha tarehe, kiasi na namba ya kila muamala. Halafu waombe wenzako wakutumie meseji walizobaki nazo, kwa sababu kila malipo kwa simu huacha nyayo pande mbili: kwa aliyetuma na kwa aliyepokea.

Hivyo ndivyo kisa cha Bungoma kilivyoisha. Akaunti ya Google ya zamani ilipatikana kwenye simu ya kijana wake. Bakapu ikarudi, lakini ilikuwa ya wiki tatu nyuma, kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Zile wiki tatu tulizijaza na taarifa ya akaunti pamoja na meseji za wanachama, tukiwa tumekaa kwenye viti vya plastiki mpaka giza likaingia. Jedwali likasomwa mbele ya wote, jina kwa jina.

Wanachama wawili walikuwa wametoa pesa taslimu katika wiki hizo, na hapakuwa na maandishi yoyote. Chama kilikubali neno lao. Kisha mwenyekiti akasema kuanzia Januari hakuna kupokea taslimu bila kuandika palepale, na kila mkutano utaanza kwa katibu kufungua ile nakala kwenye simu yake, watu wote wakiona.

Kazi ya nyumbani ni moja tu. Ukimaliza kusoma hapa, kabla hujafungua kitu kingine, ingia kwenye mipangilio ya simu yako na usome tarehe ya bakapu ya mwisho. Ikikushtua, afadhali ikushtue leo simu ikiwa bado inawaka mkononi.

Tukutane kwenye somo lijalo!